Bruda Kwanza, Mashine Baadaye

Mhariri amenipa nafasi nitoe maoni kuhusu jambo ambalo limezua ubishi mkali bwenini, bwaloni na hata kwenye foleni ya chai, nalo ni hili: je, pesa ambazo Chama cha Wakulima cha shule kimepata kwa kuuza mboga na ndizi zitumike kununua mashine kubwa ya kuangulia vifaranga? Wengi wameshaamua. Wanaitaka mashine, tena ile ya mayai mia tano na ushee, yenye namba zinazowaka na king'ora, ambayo picha yake imebandikwa ubaoni tangu muhula uliopita. Mimi napinga. Nasema tujenge bruda kwanza, kisha tujitengenezee wenyewe mashine ndogo ya mayai sitini. Tukishaiweza hiyo, ndipo tuzungumze juu ya kubwa.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya majina, kwa kuwa gazeti hili ni la Chama cha Kiswahili na walezi wetu ni wakali. Mashine ya kuangulia nitaiita kiangulio. Bruda, yaani kile chumba kidogo chenye joto cha kulelea vifaranga, nimeliacha neno lilivyo kwa sababu ndilo linalosemwa Daraja Mbili na Keroka, na anayeuza kuku huko hatakuelewa ukimpelekea msamiati mwingine.

Simlaumu hata kidogo anayetaka kufuga kuku. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, kila kilomita mraba ya Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 957, na ya Nyamira watu 675. Maana ya takwimu hizo tunaijua hata kabla ya kuingia darasa la Jiografia: babu alikuwa na shamba, baba akapata kipande, na sisi tutagawana mistari ya majani chai. Ng'ombe wa gredi anataka napia, na napia inataka ardhi. Kuku anatosheka na nafasi ya nyuma ya jikoni. Kwa hivyo kijana wa hapa akiniambia anataka kuku, namwona ana akili timamu. Ninachobishana naye ni mahali anapoanzia.

Kuna wazee ambao huzicheka hizi mashine. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita magokoro, ni mmoja wao. Akisikia habari za kipimajoto huuliza kama engoko wake amewahi kusomea Fizikia. Ana haki ya kuuliza. Kuku anayeatamia anafanya kazi zote ambazo sisi tunazihangaikia: anayapa mayai joto, anayageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku, anajua wakati wa kutoka kwenda kula na wakati wa kurudi, na siku ya 21 vifaranga wanatoka bila stima wala fundi. Mtu mwenye mitetea minne na haja ya vifaranga kumi na wawili hana sababu ya kununua chochote. Amwachie kuku kazi yake.

Lakini mambo hubadilika mtu akitaka vifaranga hamsini au sitini wa rika moja. Chukua chanjo ya kideri. Chanjo hii huuzwa kwa kichupa cha kutosha kuku wengi, na kikishafunguliwa na kuchanganywa ni lazima kitumike kwa muda wa saa chache tu, kinachobaki ni cha kumwagwa. Mwenye vifaranga wanane leo, sita mwezi ujao na kumi baadaye, atafungua kichupa kwa ajili ya nani? Basi hachanji. Kideri kikija kinafagia boma zima. Aidha, mteteo usiolea vifaranga hurudi kutaga mapema kuliko anayezunguka nao uani kwa miezi miwili. Hapo kiangulio kina maana, wala sibishi.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Watu wanazungumza kana kwamba kuna siri kubwa ndani ya mashine ya dukani. Hakuna. Ni sanduku lisilopoteza joto, kitu cha kutoa joto, kitu cha kukizima na kukiwasha, maji ya kuleta unyevu na matundu ya hewa. Friji kuukuu ambayo mota yake imekufa ni sanduku zuri sana kwa sababu kuta zake zilitengenezwa kuzuia joto lisipite. Plaiwudi ya kuta mbili iliyojazwa maranda katikati pia inafaa. Balbu ziwe mbili ili moja ikiungua nyingine iendelee, na ziwe zile za zamani zenye waya ndani, kwa kuwa hizi za kisasa zinazookoa umeme zinatoa mwanga mwingi na joto kidogo. Feni itoke kwenye kompyuta mbovu, zimejaa stoo. Kinachoamuru balbu ni kile kidude kidogo cha dijitali cha volti 12 ambacho mafundi wa redio wanakiita kwa namba yake, W1209. Kazi ya kuunganisha nyaya za stima ya ukutani isifanywe na mwanafunzi peke yake, kwani ndani ya sanduku hilo kuna sinia la maji, na maji na umeme havina urafiki.

Kwenye kiangulio chenye feni joto liwe nyuzi 37.5. Kisicho na feni hupimwa juu ya mayai na huhitaji zaidi kidogo, kama nyuzi 38 na nusu. Unyevu uwe kama asilimia 55 kwa siku 18 za mwanzo, halafu upandishwe hadi 65 au 70 siku tatu za mwisho ili ngozi ya ndani ya yai isikauke na kumnasa kifaranga anapojitoboa. Aliye na kile kipimajoto cha Jiografia chenye utambi uliolowa maji hahitaji kununua kingine: joto la kawaida likiwa 37.5, ule wa utambi ukisoma kama 29 uko sawa, na siku za mwisho usome kama 32. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaachwe na mlango usifunguliwe hovyo. Ukiweka alama ya X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, huwezi kuchanganyikiwa.

Kosa linaloua mayai mengi ni kukiamini kipimajoto kwa sababu tu kina namba. Nyuzi moja tu juu au chini kwa wiki tatu inatosha kuleta vifaranga walemavu au wasiotoka kabisa, na joto la kuzidi huua upesi kuliko baridi. Ni lazima kipimajoto kikaguliwe kabla ya kazi. Hapa ndipo wenzangu wengi wa darasa la Fizikia hukimbilia maji yanayochemka wakidhani watapata 100. Hawatapata! Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nyamira hata chini ya hapo. Anayerekebisha kipimajoto chake kisome 100 kwenye sufuria ya Kisii amekiharibu kwa nyuzi sita. Njia nzuri ni kuchukua kile cha zahanati cha kupimia homa, ambacho kimetengenezwa kusoma vizuri karibu na nyuzi 37, ukaviweka vyote viwili kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na kulinganisha. Kazi ya dakika tano tu, na zahanati ya shule iko hatua chache kutoka maabara.

Wamisri wa kale hawakuwa hata na hicho. Walijenga matanuri ya matofali ya udongo na kuangua mayai kwa maelfu, na mafundi wao walipima joto kwa kulibandika yai kwenye ukope wa jicho. Mfaransa mmoja msomi, Réaumur, yule yule ambaye jina lake lilipewa kipimo cha joto, alistaajabia ufundi wao na mwaka 1749 akachapisha kitabu kizima juu ya kuangua mayai. Na kifaa cha kujizima na kujiwasha chenyewe joto likifika kiasi fulani, Mholanzi Cornelis Drebbel alikitengeneza mwanzoni mwa karne ya 17, na mojawapo ya kazi alizokipa ilikuwa kuangua vifaranga. Nayataja haya kwa ajili ya wale wanaosema kazi ya kuku si sayansi ya kweli.

Ninalo pia neno juu ya mashindano yetu ya sayansi. Karibu kila mwaka kuna shule inayoleta kiangulio. Kinawekwa mezani, balbu inawaka na kuzima, mwanafunzi anaeleza kwa ufasaha, waamuzi wanaandika alama na kuhamia meza nyingine. Dakika kumi! Yai linahitaji siku 21. Tunampa zawadi mtu aliyetengeneza taa inayowaka na kuzima, kwani hakuna aliyeuliza mayai mangapi yaliingia, mangapi yalikuwa na mbegu ya jogoo, mangapi yaliangua, na vifaranga wangapi walikuwa hai baada ya mwezi. Kama ningekuwa mwamuzi ningeomba daftari kabla ya kutazama mashine.

Hapo kwenye vifaranga walio hai baada ya mwezi ndipo ninapotaka tusimame, maana ndipo pesa na machozi yalipo. Waswahili walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu, na mwili wake hauwezi kushikilia joto kwa siku nyingi za mwanzo. Kwa mama yake angejificha chini ya bawa. Kwa mashine hana mama. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, halafu kila wiki unapunguza kama nyuzi 3 hadi manyoya ya kweli yatoke. Sehemu za juu za Nyamira usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na mwezi wa Julai sina haja ya kumsimulia mtu aliyewahi kuoga saa kumi na moja alfajiri katika shule hii.

Kuna mama mmoja jirani yetu upande wa Keroka, mjane, anayemsomesha mjukuu. Alichukua mkopo kwenye chama chao cha akina mama akanunua kiangulio cha dukani. Mashine ilifanya kazi, tusiidhulumu. Waliangua zaidi ya sabini, na kijiji kizima kilikwenda kutazama. Watoto walipanga foleni. Aliyemuuzia hakumwambia lolote juu ya siku ya 22. Vifaranga waliwekwa kwenye katoni pembeni mwa jikoni. Usiku wa pili mvua ilinyesha, wakarundikana kwenye pembe moja wakitafuta joto, wa juu wakawakanyaga wa chini. Asubuhi alitoa kumi na tisa waliokufa. Akaogopa, akaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Makaa yanapoungua hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Bahati yake ni kwamba yeye mwenyewe alilala chumba kingine. Wiki ilipokwisha walibaki kumi na mmoja. Mkopo ulibaki wote, na mjukuu alikaa nyumbani nusu muhula. Ni msichana anayejua hesabu kunishinda.

Kinachoniuma ni kwamba chombo ambacho kingewaokoa vifaranga wale kingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Kuna bruda isiyotumia moto wala stima, ambayo maafisa wa kilimo wameifundisha sehemu nyingi za Kenya. Ni sanduku ambalo kuta zake zimezungushiwa nyasi kavu au matambara yaliyoshindiliwa, sakafu ina maranda makavu, na juu kuna kifuniko cha gunia lililojazwa nyasi, lenye nafasi ya hewa. Vifaranga wakiingia usiku, joto la miili yao wenyewe linabaki ndani. Mchana wanatoka kwenye uwanja mdogo wa kula na kunywa. Isiwe na pembe. Kikapu kikuukuu cha kuchumia majani chai, kwa kuwa ni cha duara, kinashinda katoni yoyote. Na anayetaka kutumia balbu aininginize kwa kamba ili aweze kuipandisha kila wiki.

Raha ya bruda ni kwamba hata asiye na kipimajoto anaweza kuisoma kwa macho. Wakijirundika chini ya balbu na kulialia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuachama midomo, joto limezidi. Wote wakiwa upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili, utafute tundu uzibe. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wamelala wamejinyoosha kama walevi wa chang'aa, nenda ukalale na wewe.

Najua nitakavyojibiwa. Mweka hazina wetu, rafiki yangu mpendwa, anasema mashine ya dukani ina garantii ya mwaka mmoja. Garantii inalinda waya na feni, wala hailindi yai. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Mwenye mayai 500 siku hiyo alihitaji jenereta. Mwenye mayai sitini anaweza kufunga matundu kiasi, kufunika sanduku kwa mablanketi na kuweka ndani chupa za maji moto, na mayai yakavuka usiku, kwa sababu kiinitete huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kinavyovumilia kuchomeka. Sanduku dogo pia linaweza kuendeshwa na betri ya gari kwa muda fulani. Udogo wake ndio unaoliokoa.

Tena kuna swali ambalo hakuna aliyelijibu mkutanoni: mayai 500 yenye mbegu yatoke wapi? Trei za dukani ni za kuku wa mayai wasiojua jogoo. Ukiyaangua yale utapata harufu tu. Yai la kuangua lisizidi wiki moja tangu litagwe, lisioshwe, na likisafirishwa kwa bodaboda kwenye mashimo yetu lipumzishwe siku nzima, ncha ikiwa chini, kabla ya kuingizwa. Jogoo mmoja hutosha mitetea kama kumi. Basi piga hesabu uone tungehitaji majogoo wangapi hapa Gusii wa kutujazia sanduku lile ndani ya wiki moja. Mayai sitini tunaweza kuyapata kwa wazazi wanaoishi karibu na shule, tena kwa watu tunaowajua na ambao kuku wao hawana ugonjwa.

Wengine watasema nawarudisha wenzangu kwenye kazi za jua kali ilhali wenye pesa wanakwenda mbele. Nawauliza: mashine ya dukani ikiharibika, nani hapa ataifungua? Ile tuliyoiunda wenyewe tutaijua kila msumari. Mwanafunzi wa Nyansiongo akienda nyumbani likizo, hataibeba mashine ya shule, ila anaweza kubeba ujuzi wa kutengeneza yake.

Pendekezo langu nimelipeleka kwa Mwalimu wa Kilimo kwa maandishi, nalo ni hili. Majuma matatu ya mwanzo ya muhula wa pili tujenge bruda mbili, moja ya balbu na moja isiyo na moto, ili tulinganishe. Wakati huo huo friji iliyo stoo igeuzwe kiangulio, na iwashwe tupu kwa siku mbili kamili huku joto likiandikwa kila baada ya saa chache. Mayai yaingie Jumatatu ya juma la nne. Kugeuza kutakuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya masomo ya asubuhi, saa saba mchana, na saa tatu na nusu usiku baada ya preparesheni. Vifaranga watatoka Jumatatu ya juma la saba, na daftari litaendelea hadi mwisho wa muhula wakiwa na wiki saba. Pesa zitakazobaki zikae benki.

Tatizo lililobaki ni likizo fupi, ambayo itawakuta vifaranga wakiwa na wiki mbili na ushee, katikati ya baridi, na shule ikiwa haina watu. Mwalimu amekubali wanafunzi wanne wabaki, mradi wazazi watie sahihi. Mzazi wangu ametia. Orodha imebandikwa mlangoni mwa maabara, na nafasi tatu bado ziko wazi.